Urefu wa Shimo Si Dhuluma

Juzi kwenye baraza la klabu yetu ya gofu, mzee mmoja tunayemheshimu sana alitoa hukumu: par 3, yaani shimo la mapigo matatu, inayomlazimu mchezaji kuchomoa dreva, fimbo ya mapigo marefu kuliko zote, ni dhuluma. Meza nzima ikaitikia. Nimechoka na kauli hii, na mfano wake ni uleule kila mara: shimo la 8 la Oakmont, Pennsylvania, ambalo siku ya mwisho ya US Open ya 2025 lilichezwa kwa yadi 301, kama mita 275 hivi. "Hiyo ni par 4!"

Haya, iiteni par 4. Iiteni hata par 6. Bingwa atabadilika? Mashindano yale huhesabu mapigo, na wote hupiga kutoka palepale kuelekea greeni ileile. Aliyepiga manne kapiga manne, kadi iandike itakavyo. Mwingine akadai kutumia dreva kwenye par 3 ni aibu. Aibu ya nini? Begi lina fimbo 14, na zote ni halali.

Litazameni shimo lenyewe. Kushoto kuna banka refu la mchanga liitwalo Sahara, sawa, lakini greeni ni kubwa na mbele yake pako wazi. Mpira ukitua kabla ya greeni, unabiringika hadi ndani. Haki ya shimo refu iko hapo: asiye na nguvu apate njia ya chini, na anayeogopa apate pa kukwepea. Uwanja wa Royal Portrush nao una par 3 ya yadi 236, na kulia kwake ni korongo. Kwenye The Open ya 1951 iliyochezwa hapo, mchezaji Bobby Locke aliulenga mpira kushoto, bondeni, kwa makusudi, raundi baada ya raundi. Bonde hilo sasa lina jina lake.

Sasa njooni kwetu. Tuna par 3 fupi ambayo akina mama na wazee walikuwa wakiburuza mpira kwenye nyasi kavu mpaka ukaingia greeni. Kamati ikachimba banka mbele ya greeni, ukingo hadi ukingo. Leo mama wa miaka 70 anapiga mpira mfupi kusudi, anasimama mbele ya mchanga, halafu anaomba Mungu auvushe. Barazani hakuna aliyeita hiyo dhuluma, kwa sababu shimo ni fupi. Banka lile lifukiwe kabla ya masika.