Dada, Ile Dari Imekukosea Nini?

Wadau, niseme ukweli, ile klipu ya juzi haijanichekesha. Staa mmoja wa hapa Dar (jina kapuni, mnamjua) kapanda gari ya mtandaoni, Corolla ya zamani, kitambaa cha dari kimelegea mpaka kinagusa wigi lake. Anarekodi huku anacheka. Dereva anasikika kwa mbali: "Samahani dada, wiki hii natengeneza." Komenti kibao, zote vicheko.

Yule kaka anakula kwa nyota. Nyota zikishuka wateja wanapungua, na hesabu ya bosi haisubiri.

Halafu dari kulegea sio uchafu jamani. Kile kitambaa kimebandikwa kwenye ubao, katikati kuna sponji nyembamba. Gari ikipigwa jua miaka ishirini, sponji inaoza inakuwa unga. Ni umri tu. Hata yako itafika huko, kama ni yako kweli (hapo nimejizuia).

Najua kwa sababu nilitengeneza mwenyewe Starlet ya baba mdogo. Mara ya kwanza nilichemka. Nilipaka gundi ya viatu juu ya unga uleule, nikabandika, nikapiga picha, nikaposti. Siku ya tatu, jua la saa nane, kitambaa chote kikamwangukia baba mdogo kwenye foleni. Sitarudia maneno aliyosema.

Safari ya pili nikatulia. Ukifungua taa ya ndani, vizuia jua na vishikio, ubao unashuka mzima. Laza siti, utoe taratibu, maana ukikunjika ndio basi. Kama gari ina airbag juu ya milango, hapo mwachie fundi. Kisha sugua unga wote kwa brashi hadi ubao ubaki mtupu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe! Mimi ilinila asubuhi nzima, na vaa barakoa, lile vumbi halina adabu. Baada ya hapo ni kitambaa chenye sponji mgongoni na gundi ya kupuliza inayovumilia joto. Unapuliza ubao na kitambaa, unasubiri ianze kunata, unabandika nusu kwanza, kutoka katikati kwenda pembeni, unafuata mabonde kwa kiganja. Zile pini mnazochomeka ni kuzuga tu.

Ukijumlisha na kusubiri ikauke, siku nzima gari haitembei. Kwa dereva wa hesabu, siku hiyo ndiyo ghali kuliko kitambaa na gundi. Kwa hiyo aliposema "wiki hii natengeneza" hakuwa anajitetea. Anatafuta siku ya kukosa hela.

Dada, klipu bado ipo kwenye ukurasa wako. Ifute, na ukiweza mpe nyota zake tano, alikufikisha salama.

Na kama kuna mdau anamfahamu yule kaka, amwambie brashi yangu ipo. Jumapili sina ratiba.