Hospitali ya Carney: Ardhi Iliuzwa Kwanza

Tarehe 31 Agosti 2024 Hospitali ya Carney, iliyokuwa Dorchester jijini Boston, Marekani, ilifunga milango yake baada ya miaka 161 ya huduma. Ilikuwa hospitali ya kwanza ya Kikatoliki katika eneo zima la New England. Andrew Carney, mhamiaji wa Ireland aliyetajirika kwa biashara ya nguo, aliitolea fedha mwaka 1863, nao Mabinti wa Upendo wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wakaiendesha.

Wapo wanaosema kwamba hospitali hiyo iliangushwa na hasara tu. Hasara ilikuwapo, kwani wagonjwa wake wengi walikuwa maskini waliolipiwa na bima za serikali, ambazo hulipa pungufu kuliko bima binafsi. Lakini chanzo kingine kinastahili kutazamwa. Mwaka 2010 Caritas Christi, mtandao wa hospitali sita za Jimbo Kuu la Boston, uliuzwa kwa Cerberus, kampuni ya uwekezaji, iliyounda Steward. Tusilihukumu Jimbo Kuu kwa haraka: madeni yalikuwa mazito, na pensheni za wafanyakazi zilikuwa hatarini. Hata ahadi ya kulinda utambulisho wa Kikatoliki iliandikwa. Mwaka 2016 Steward iliuza ardhi na majengo ya hospitali zake za Massachusetts kwa kampuni ya Medical Properties Trust, katika mpango wa dola bilioni 1.25. Tangu hapo hospitali zikawa wapangaji katika nyumba zilizokuwa zao, zikilipa kodi ya pango hata pale dawa na mishahara ilipodai fedha hizo hizo.

Mei 2024 Steward iliomba ulinzi wa mahakama kama mufilisi. Tarehe 26 Julai ilitangaza kuifunga Carney, pamoja na Nashoba Valley ya mji mdogo wa Ayer. Sheria ya jimbo hilo hutaka taarifa ya siku 120. Wananchi walipata wiki tano hivi.

Nasi tulio na zahanati na hospitali juu ya viwanja vya Kanisa, mwekezaji anapobisha hodi tuna haki ya kuuliza kwanza hati itabaki mikononi mwa nani.

Januari 2025 Massachusetts ilipitisha sheria ya kuzuia mikataba mipya ya hospitali kupanga kwa kampuni za namna hiyo. Carney ilikuwa imeshafungwa kwa miezi minne.