Karatasi ni ya Nani?

Nina ugomvi na washkaji zangu wachoraji, ugomvi wa siku nyingi, na leo nautoa hadharani ili wasomaji watuamue.

Kila nikimuuliza mmoja wao, "Mbona siku hizi huchori?" jibu ni lile lile: "Ngoja kwanza nipate kishikwambi na kalamu yake." Eti kipaji kinasubiri chaja! Basi nawaletea kisa cha kampuni moja changa ya New York. Kisikilizeni mpaka mwisho, halafu mniambie kama bado mnangoja.

Kampuni hiyo, FiftyThree, ilianzishwa mwaka 2011. Baadhi ya waanzilishi wake walitoka Microsoft, kwenye mradi wa Courier, kifaa cha kurasa mbili mfano wa daftari, uliofutwa mwaka 2010 kabla kifaa hakijafika dukani. Mwaka 2012 wakatoa programu ya kuchorea kwenye iPad, wakaiita Paper, yaani karatasi. Mwaka 2013 wakatoa kalamu, wakaiita Pencil. Ilikuwa bapa kama penseli ya seremala, na ukiigeuza inafuta. Ile ya mbao iliuzwa karibu dola 60.

Sisemi walikuwa wababaishaji. Hata kidogo. Kazi yao ilikuwa safi, na Apple wenyewe waliichagua Paper kuwa programu bora ya iPad ya mwaka 2012. Ukikosea unazungusha vidole viwili juu ya kioo, na ulichochora kinarudi nyuma hatua kwa hatua. Nani asingependa?

Lakini sisi watu wa kalamu tuyatazame majina hayo. Jamaa walichukua maneno mawili anayoyajua kila mtoto wa darasa la kwanza, wakayafanya chapa ya biashara. Januari 2014 Facebook nao wakatangaza programu yao ya kusomea habari. Jina? Paper! FiftyThree wakalalamika hadharani, wakataka wenzao watafute jina jingine. Facebook, kwa maelezo ya FiftyThree wenyewe, wakaomba radhi kwa kutowaarifu mapema, lakini jina wakabaki nalo. Mwaka 2015 Apple, wale wale waliowasifu, wakatoa kalamu yao ya dola 99. Jina lake mnalijua: Apple Pencil.

Niliwahurumia, kweli. Lakini anayejimegea neno la umma asishangae mwenye kisu kikubwa zaidi akija kumega palepale.

Mwaka 2018 FiftyThree ikanunuliwa na WeTransfer ya Uholanzi. Mwaka 2024 WeTransfer nayo ikanunuliwa na Bending Spoons ya Italia. Ile penseli ya mbao haiuzwi tena na waliyoitengeneza. Na mchoraji aliyeizoea, nani alimuuliza?

Hoja yangu ndiyo hiyo. Karatasi ninayoijua mimi haiuzwi kwa tajiri mwingine huku nikiwa bado naichorea. Nyumbani, tulipokuwa shule ya msingi, penseli moja tuliikata katikati kwa wembe, nusu yangu, nusu ya mdogo wangu. Kila nusu iliandika. Ikate ya kishikwambi uone!

Najua atatokea mtu aniite mshamba. Atasema siku hizi kazi za mabango, vibonzo na majalada ya vitabu zinatakiwa kwa kompyuta, na nikikataa nitakufa njaa na daftari langu. Ana haki yake. Hata makala haya sikuyachonga kwenye jiwe. Mashine siipingi, napinga kungoja. Ukikipata kifaa, kitumie mpaka kilie. Ila ujue humo wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba anaweza kubadilika bila kukugongea mlango. Michoro yako itoe humo, uiweke mahali pako. Na mkono wako uuzoeze kazi kabla ya kuutafutia kifaa, kwa sababu mkono hakuna atakayekununulia.

Haya, anayebisha na ajibu. Lakini sitaki maneno. Aniletee mchoro wa juma hili, hata kama ameuchora nyuma ya risiti ya duka.