KONA YA VIJANA: Ngoma bila mpiga ngoma

Mwezi huu tunaongea juu ya kelele. Ndiyo, kelele!

Kule Nairobi kuna mpiga gitaa la umeme, Sam Karugu. Yeye na mwimbaji Martin Khanja waliunda kikundi cha watu wawili tu, Duma. Siyo yule mnyama mwenye mbio. Kwa Kikikuyu ni giza. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Karugu alizitengeneza ngoma kwenye kompyuta, za mbio kweli kweli, halafu gitaa likanguruma juu yake na Khanja akapiga makelele. Albamu walirekodi Kampala 2019, ikatolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes. (Hilo jina msicheke, limetoka kwa Kiganda: ile hamu ya kucheza inayokushika ghafla.)

Mzazi atauliza, huu nao ni muziki? Mimi mwenyewe nyimbo mbili zinanitosha. Lakini hapa Nkanka vijana wanasema bendi haiwezekani, sababu ngoma hakuna, hela hakuna. Wale walikuwa wawili tu.

Na lile gitaa la kanisani, lililofungiwa kabatini tangu Pasaka, ufunguo anao nani?