Gitaa si sufuria



Siku moja ya posho nilimwambia kijana wangu: "Safisha gitaa la kwaya, kesho unalirudisha." Nikaenda soko. Niliporudi, nilikuta amelisugua kwa maji na sabuni, kisha amelianika juani kama sufuria. Baada ya siku mbili, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa kilianza kubanduka. Gitaa hilo wamama wa kwaya walilinunua kwa michango yao! Nilimkaripia sana. Usiku nikajiuliza: nani alimfundisha kulisafisha? Hakuna. Mimi mwalimu nilitoa kazi bila kutoa somo.

Basi somo lenyewe ndilo hili.

Kwanza, mikono. Mtoto aliyekula bukari na samaki anawe, akaushe mikono, ndipo aguse nyuzi. Mafuta hukusanya uchafu, na jasho hutia nyuzi za chuma kutu.

Pili, kitambaa. Kila akimaliza kupiga, achukue kipande kikavu cha fulana ya zamani, apanguse kila uzi juu na chini, kisha mbao. Uchafu ukigoma, aloweshe kitambaa kidogo, akikamue sana, apanguse, akaushe palepale. Mafuta ya kupikia, petroli na sabuni ya unga, hapana.

Tatu, mahali. Gitaa likae ndani ya mfuko wake, mbali na babula, jua na ukuta wenye unyevu. Joto hulegeza gundi. Wakati wa kiangazi, hewa kavu inaweza kupasua mbao.

Nne, nyuzi. Zibadilishwe mmoja mmoja, si zote pamoja. Na gitaa la nyuzi za nailoni msilifunge nyuzi za chuma: hizo huvuta kwa nguvu karibu mara mbili, zinaweza kung'oa kibao.

Likibanduka, msipige misumari. Legezeni nyuzi, mpelekee fundi. Letu alilibandika kwa gundi ya mbao, akalibana usiku kucha. Pesa ya gundi nilitoa mimi, na wamama wa kwaya niliwaomba msamaha mwenyewe. Kijana alikaa karibu na fundi akitazama kila kitu. Sasa yeye ndiye anayewaonyesha wadogo zake.

Juma hili, mama, kabla ya kumtuma mtoto kazi mpya, ifanye kwanza mara moja mbele yake.