Mtoto kasoma nje, cheti chake atakisoma nani?

Ujumbe wa wiki hii umetoka Zegereni, Kibaha. Baba mmoja anayefanya kazi kwenye viwanda vya huko anasema binti yake alipelekwa kwa shangazi yake Masaka, Uganda, akiwa darasa la sita. Amesoma huko mpaka kidato cha nne, kafaulu, karudi nyumbani. Anataka uuguzi. Wakaenda Mlandizi, kwenye duka la steshenari, kujaza maombi ya chuo kwa mtandao. Fomu ikataka namba ya mtihani wa kidato cha nne. Wakaingiza namba iliyo kwenye cheti cha Uganda, ikakataa. Wakarudia, ikakataa tena. Kijana wa dukani akawaambia, “Mzee, namba hii haitambuliki.”

“Shikamoo mwandishi,” ameandika. “Ina maana miaka yote ile mwanangu hakusoma?”

Marahaba, ndugu yangu. Amesoma. Tatizo ni kwamba fomu zetu zinaijua namba inayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, basi. Mtihani wa Uganda unatungwa na baraza la Uganda, na mitambo ya vyuo vyetu haina namna ya kujua namba ile ni ya nani na alama zake zina uzito gani. Kwa hiyo kabla ya chuo kuna mlango mwingine wa kupita: kuomba NECTA ilinganishe matokeo ya mtoto na ya hapa kwetu. Baraza likishahakiki cheti na kukilinganisha, hutoa namba ya ulinganifu inayoanza na herufi EQ. Hiyo ndiyo namba ambayo fomu ya chuo inaisubiri.

Wazazi wengi husikia habari hii kwa mara ya kwanza wakiwa mbele ya kompyuta ya watu, dirisha la maombi likikaribia kufungwa. Hilo linaniudhi. Shule za nje zinapokuja kutafuta wanafunzi huleta vipeperushi vya rangi, picha za mabweni na mabasi, na watoto wanaozungumza Kiingereza kama wamezaliwa nacho. Sijaona hata kipeperushi kimoja kinachomwambia mzazi kwamba siku mtoto akirudi, cheti chake kitahitaji kulinganishwa kwanza. Na sisi wenyewe hatuulizi. Tunauliza ada, sare, na kama wali unapikwa kila siku.

Kwa nini cheti cha jirani kisisomwe tu kilivyo? Chukua Uganda. Kwa miaka mingi alama zao za kidato cha nne zilianzia D1 na kuishia F9. D1 ndiyo alama ya juu kabisa. Mzazi wa Kibaha akiona cheti kimejaa D1 na D2 anashika kichwa, maana hapa kwetu D ndiyo ya kunusurika, iko mlango wa pili na F. Kumbe mtoto ni wa kwanza darasani! Kisha Uganda ikabadili mtaala, na waliofanya mtihani kuanzia 2024 wanapewa herufi A hadi E. Ndugu wawili wa nyumba moja, shule moja, wanaweza kurudi na vyeti visivyofanana.

Kenya nako kuna yake. Mtoto wa mfumo wa 8-4-4 alisoma miaka 12 mpaka mtihani wa mwisho wa sekondari, na kwa mtihani huo aliweza kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Wa kwetu alisoma miaka 11 mpaka kidato cha nne, kisha miwili ya kidato cha tano na sita, jumla 13. Sasa yule wa miaka 12 umweke wapi? Hakai sawasawa kwenye kidato cha nne wala kwenye kidato cha sita. Na sasa Wakenya wameuacha mfumo huo, wameanza mwingine ambao darasa lake la kumi la kwanza limeingia Januari 2026. Ukienda Kongo, mtihani wao wa taifa hutoa asilimia, na anayepata 58 hana sababu ya kuona haya, kwa sababu wengi wanaofaulu wako kwenye hamsini na kitu. Mwajiri wa Dar es Salaam akiiona 58 anadhani mtu huyu aliponea chupuchupu.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Babu zetu waliosoma Tabora, Budo au Alliance walifanya mtihani uleule wa Cambridge, na cheti kilivuka mpaka bila kuulizwa kimetoka wapi. Kuanzia 1963 mpaka 1970 tulikuwa hata na chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Baraza la mitihani nalo lilikuwa la pamoja. Tanzania ikajitoa 1971, na mwaka 1973 ikaunda NECTA, ili tuwapime watoto wetu kwa mambo yetu. Silalamiki, ilikuwa na maana yake. Lakini tangu hapo cheti kikivuka Mtukula au Namanga kinahitaji mkalimani.

Mei 2017 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam wakaitangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Ni hatua nzuri. Ila mzazi asije akaelewa kwamba tangu siku ile karatasi zinatembea zenyewe. Wa shahada bado anapaswa kwenda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ili shahada yake ya nje itambuliwe. Wa stashahada na vyeti vya ufundi anakwenda NACTVET. Wa sekondari ni NECTA. Ukikosea mlango utarudishwa, na siku zinakwenda.

Mwaka huohuo wa 2017 ndio uliobadilisha tabia za waajiri wetu. Aprili ilitangazwa kwamba watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Watu waliokaa kazini miaka kumi, kumi na mitano, waliondolewa. Tangu hapo ofisa wa ajira akiona cheti asichokizoea hana ujasiri wa kusema “sawa tu”. Anataka barua ya kukitambua. Mwenye cheti halali cha nje amejikuta foleni moja na mwenye cheti cha kuchonga, na njia pekee ya kutoka kwenye foleni hiyo ni kuhakikiwa.

Kwa mzazi anayemtuma mtoto chuo kikuu nje, India, China, Uturuki au hapo Kampala, mazungumzo na TCU yaanze kabla hujalipa hata shilingi ya ada. Tume hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, na inasajili mawakala wanaowapeleka wanafunzi. Wakala akikujia nyumbani na soda mkononi, mwulize usajili wake, kisha uuhakiki mwenyewe kwa TCU. Tume itaangalia kama chuo kinatambuliwa katika nchi yake chenyewe, na kama kijana alikuwa na sifa za kujiunga. Hapo ndipo wengine huumia: kijana mwenye matokeo hafifu ya kidato cha nne anapokewa nje haraka haraka kwa sababu ana ada, anasoma miaka minne, anarudi na joho, kisha anaulizwa, “Kabla ya shahada ulikuwa na nini?”

Na kwa fani nyingine safari haiishii TCU. Daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi ana baraza lake la uuguzi na ukunga, mhandisi ana bodi ya usajili. Shahada ikitambuliwa, leseni inaombwa kando.

Nimeongelea waliochagua kwenda. Wapo ambao hawakuchagua. Warundi waliokimbia 1972 waliwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na watoto wao wakasoma mtaala wetu, kwa Kiswahili, wakafanya mitihani yetu. Uraia ulipokuja kwa zaidi ya watu 160,000 miaka mingi baadaye, vijana wao walikuwa na vyeti vilevile vya jirani zao Wasukuma na Wafipa. Waliokuja katika miaka ya tisini na baadaye, wakakaa kambi za Kigoma kama Nyarugusu, wamesomeshwa mtaala wa kwao, wa Burundi au wa Kongo, kwa Kifaransa. Hoja ni kwamba wajiandae kurudi. Naielewa. Lakini fikiria kijana aliyezaliwa kambini, akamaliza shule kambini, na sasa ana cheti cha nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Huko hana ndugu wa kumpokea, na hapa karatasi yake haisomeki. Mzazi wake alihimiza shule kama wewe na mimi tunavyohimiza, aliuza mgawo wa unga ili anunue daftari.

Wapo pia waliokimbia bila karatasi yoyote, na shule iliyowasomesha imeungua. Nchi za Ulaya zilikubaliana Lisbon mwaka 1997 kwamba mkimbizi wa namna hiyo asiambiwe tu “lete cheti”, atafutiwe njia ya kupimwa alichonacho. Kuanzia 2017 wana hati wanayoiita pasipoti ya sifa za elimu kwa wakimbizi: mtu anahojiwa na wataalamu, vipande vya karatasi alivyonavyo vinachunguzwa, kisha anaandikiwa kile kilichothibitika. Haimpi kazi moja kwa moja, ila inampa pa kuanzia. Naona ni jambo ambalo nasi tungeweza kulifanya, maana wakimbizi tumewapokea tangu kabla ya wengi wetu hatujazaliwa.

Nirudi kwa baba wa Zegereni, maana yeye ana siku chache mkononi. Ingia tovuti ya NECTA, sehemu ya ulinganifu wa vyeti vya nje. Taratibu na ada ziko pale. Uwe na cheti chenyewe au hati ya matokeo. Usitegemee picha iliyotumwa na shangazi kwa WhatsApp. Linganisha jina la binti kwenye cheti cha Uganda na lile la cheti chake cha kuzaliwa cha RITA, herufi kwa herufi. Huko shuleni huenda walimwandika kwa jina la ubatizo na jina la shangazi, na la kwako likaachwa. Kama yanatofautiana, anza leo kushughulikia hati ya kiapo, usingoje kuulizwa. Cheti usikitie plastiki ya moto, kuna mihuri inayohitaji karatasi tupu. Na kwa mzazi mwingine anayesoma hapa mwenye vyeti vya Kifaransa au Kireno, tafsiri ya mtu wa mtaani haitakusaidia. BAKITA hutafsiri na kuthibitisha tafsiri.

Kisha tazameni kama masomo yake yanalingana na anachokitaka. Uuguzi utauliza Kemia, Biolojia na Fizikia. Kama Uganda aliacha Fizikia, ulinganifu hautamrudishia, na ni afadhali mjue sasa kuliko baada ya kulipia maombi ya vyuo vitatu.

Jambo la mwisho, na hili namwambia mama yake pia. Mtoto aliyefaulu kisha akaambiwa namba yake haitambuliki huanza kuamini kwamba yeye mwenyewe ndiye asiyetambulika. Mwelezeni kilichotokea, mwonyesheni alama zake zina maana gani. Hapo Zegereni kibarua cha kiwandani kiko hatua chache kutoka mlangoni, na “miezi miwili tu wakati tunasubiri” huzaa miaka. Kama dirisha litafungwa kabla majibu ya NECTA hayajatoka, msivunjike moyo wala msikimbilie chuo kisichosajiliwa kinachompokea bila maswali. Vipo vyuo vinavyodahili pia Machi. Ulizeni NACTVET ni vipi, na hiyo EQ iwe mkononi kabla ya Krismasi.