WAYA YA NYUMBA HAIBEBI BETRI YA GARI



Kuna wenzetu ndani ya chama hiki hiki wanaotuuliza tangu lini kazi ya chama ikawa kufungua boneti za magari. Wanasema chama ni cha mishahara, likizo na watu wanaofukuzwa kazi, na mambo ya waya tuwaachie mafundi. Sisi hatukubaliani nao, na leo tunataka kueleza kwa nini. Tutaanzia na mkono wa dereva mmoja.

Dereva huyu alikuwa akiendesha pikapu ya tajiri mmoja mnunuzi wa maharage na mahindi, akitoka Mbarara kuingia makazi ya wakimbizi ya Nakivale mpaka Ngarama. Mzigo hupimwa jioni, na mara nyingi kupakia kunaendelea mpaka usiku. Tajiri akataka taa za kumulikia mizani, akaagiza betri ya pili ifungwe nyuma ya kabini, ichajiwe na alternata ya gari lenyewe. Wazo hilo hatulipingi, ni zuri. Taa zikila betri ya pili, ile ya kwanza inabaki na nguvu ya kuwasha injini, na dereva na taniboi wake hawalali porini.

Ubaya ulikuwa kwenye waya. Fundi aliomba waya nene ya gari. Akapewa kipande kilichobaki tajiri alipojenga stoo yake, ile ya milimita za mraba 2.5 ambayo sote tunaijua kwenye soketi za nyumba. Fyuzi hakupewa hata moja. Akafunga alichopewa, kwa sababu alikuwa na njaa na watoto.

Waya ile ilipita chini ya kabini, ikilala juu ya ukingo wa chuma wa chesisi. Barabara zetu mnazijua, mashimo na vumbi, kila kitu kwenye gari kinacheza. Ganda likalika polepole, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja shaba ikagusa chuma. Betri ya gari ikikutanishwa hivyo haina huruma, inamwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya ikawa nyekundu, ikashika magunia. Dereva akaruka kuing'oa kwa mkono mtupu, na plastiki iliyoyeyuka ikamgandia kiganjani. Pikapu ilipona. Mwisho wa mwezi dereva akakatwa mshahara kwa ajili ya magunia na kiti kilichoungua. Yule fundi, mkimbizi kutoka Kongo, alisikia kwamba anatafutwa, akahama usiku na kuacha hata spana zake.

Tulipokwenda kumwona tajiri, alitujibu kwa kujiamini kabisa: waya inayobeba volti 240 za nyumba itashindwaje na volti 12 za gari? Ndugu zetu, msimcheke. Hata madereva wenye miaka mingi kazini wanalisema neno hilo, na ndilo linalounguza watu. Tulifafanue basi.

Kinachochemsha waya ni ampea zinazopita ndani yake, wala si volti. Chukua mzigo wa wati 480. Nyumbani, kwa volti 240, mzigo huo unavuta ampea 2 tu, na waya nyembamba haisikii kitu. Mzigo ule ule kwenye gari, kwa volti 12, unavuta ampea 40. Ni mara ishirini. Waya ya milimita za mraba 2.5 imetengenezwa kwa ampea kama 20 hivi. Unaibebesha mtoto gunia la kuli.

Na hata pasipo moto, waya nyembamba ni wizi. Kutoka kwenye betri ya mbele kupinda mpaka nyuma ya kabini ni kama mita 5. Ikivutwa ampea 40 katika waya ya 2.5, karibu volti 1.4 zinapotea njiani na kugeuka joto. Alternata inatoa volti 14 na kidogo, betri ya nyuma inapata chini ya 13, basi haijai kamwe, na betri ya risasi isiyojai inakufa mapema. Hapo anayelaumiwa ni nani? Dereva, ati ameacha taa zikiwaka! Weka waya ya milimita za mraba 25 njia hiyo hiyo, na kinachopotea ni sehemu ya kumi tu ya hapo. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Sisi wenyewe tumeishia shule ya msingi.

Fyuzi nayo watu hawaielewi. Wengi wanadhani kazi yake ni kulinda taa. Fyuzi inalinda waya. Tena waya inayounganisha betri mbili ni nyoka mwenye vichwa viwili: ukikata huku, kule bado inauma, kwa sababu kila betri inaweza kuilisha peke yake. Ndiyo maana zinatakiwa fyuzi mbili, moja karibu kabisa na kila betri, shubiri moja tu kutoka kwenye kichwa chake. Kwa waya ya 25, fyuzi ya ampea 80 au 100 inafaa. Tumeona magari yenye msumari mahali pa fyuzi, na mengine yenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Afadhali hata lisiwe na kitu, maana dereva atajua kwamba hana ulinzi.

Kisha kuna relei, kile kisanduku kinachounganisha betri mbili injini inapochaji na kuzitenganisha injini inapozimwa. Bila hicho taa za nyuma zitanyonya betri zote mbili, na faida ya kufunga ya pili inakwisha. Tena ni lazima kitenganishe wakati wa kupiga stata. Stata inavuta mamia ya ampea, na betri ya nyuma ikijitia kusaidia kupitia waya isiyotosha, ndipo moshi unapoanza.

Mafundi wengi wa Mbarara wanapenda kebo ya mashine ya kulehemu. Sisi hatuikatai. Ina nyuzi nyingi nyembamba za shaba, inapinda bila kukatika, tofauti na waya ya nyumba yenye uzi mmoja mgumu unaovunjika kwa mtikisiko. Lakini ivalishwe mfereji wa plastiki mahali penye oili na joto, na kila inapopenya bati ipite kwenye pete ya mpira. Mwisho wake ubanwe kwa kichwa cha shaba na chombo chake. Kupondaponda kwa nyundo si kubana. Na mjihadhari na waya ya alumini iliyopakwa shaba juu. Ikwangueni kwa kisu kabla ya kulipa, mkiona weupe ndani irudisheni.

Wenye malori ya volti 24 tunawapa neno moja tu. Betri zenu mbili zimefungwa kwa kufuatana, si ubavu kwa ubavu, kwa hiyo hayo tuliyosema juu hayawahusu moja kwa moja. Lakini acheni tabia ya kuchomoa volti 12 za redio kutoka betri moja. Moja inadhoofika, nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa.

Sasa turudi kwa wale wanaosema haya si mambo ya chama. Ni nani aliyechagua waya ile? Si dereva, wala si fundi. Aliyechagua ni mwenye kununua, na aliyeungua ni asiyekuwa na sauti katika ununuzi. Hilo ndilo jambo la chama tangu vyama vya wafanyakazi vianze duniani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtwisha mwajiri wajibu wa usalama mahali pa kazi, na kwa dereva mahali pa kazi ni gari. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mtu aliyeumia kazini anadai fidia, hadaiwi magunia.

Na yule fundi wa Kongo hakuwa na sababu ya kukimbia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi katika nchi hii. Nakivale imepokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 60: Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Fundi akilipwa nusu kwa sababu ni mkimbizi, na akitishwa kila anapoomba waya nzuri, basi dereva Mnyankole ndiye atakayekalia kiti kinachoungua. Anayedhani shida ya mgeni haimhusu na aangalie chini ya kabini yake.

Hatutaki kujifanya watakatifu. Gari letu la kipaza sauti, lile tulilokuwa tukizunguka nalo mashambani kuwaita watu mikutanoni, lilifungwa betri ya pili kwa waya nyembamba na bila fyuzi, kwa sababu mweka hazina alitaka kuokoa fedha na sisi tukanyamaza. Tuliifungua baada ya ajali hii. Ganda lilikuwa limeshalainika kama mshumaa. Tukanyamaza tena, safari hii kwa aibu.

Tunachodai katika mazungumzo yanayokuja na waajiri ni kwamba vifaa vya kazi hii viandikwe katika mkataba wa pamoja: unene wa waya, fyuzi mbili, relei, na vyote vinunuliwe na mwajiri. Dereva akikataa gari lenye betri ya pili isiyo na fyuzi, siku yake ihesabiwe kuwa amefanya kazi. Tajiri wa yule dereva bado hajarudisha fedha alizomkata, na hatujaacha kumdai.

Kwenye mkutano wa tawi Ngarama, madereva njooni na magari na spana namba 10. Mtatoa upande wa hasi kwanza na kuurudisha mwisho, saa na pete mmezivua, na sigara mmeziacha mbali, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa hewa inayolipuka. Fundi mmoja wa Nakivale amekubali kuwa nasi siku nzima, naye atalipwa na chama bei ile ile anayolipwa fundi wa Mbarara.